Hela: Jina la Sarafu Ndogo na Sadaka ya Mjane

UTANGULIZI

Katika kipindi kimoja cha mafunzo ya Biblia, kwenye usharika ulio kando ya barabara itokayo Makambako kwenda Njombe, tulikuwa tukisoma habari ya mjane maskini katika Marko 12:41-44. Tulipofika kwenye aya inayotaja sadaka yake, kijana mmoja wa darasa la kipaimara akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, senti ni nini?" Baadhi ya watu wazima wakacheka. Lakini kijana hakuuliza kwa mzaha. Alizaliwa wakati sarafu za senti zilikuwa zimekwisha kutoweka sokoni, na tangu utoto wake hakuwahi kuishika hata moja. Mzee wa kanisa akamwonea huruma, akamjibu, "Senti, mwanangu, ni hela ndogo sana." Kijana akashukuru, akaketi, nasi tukaendelea na somo.

Jibu lile lilinifuata hadi nyumbani. Mzee alitaka kumsaidia kijana kwa kutumia neno linalojulikana na kila mtu, yaani hela, ambalo kwake lilimaanisha fedha yoyote, iwe nyingi au kidogo. Wala hakukosea. Hata hivyo, jibu lake lilikuwa na kweli kubwa kuliko alivyodhani, kwa maana hela yenyewe hapo kwanza haikuwa jina la fedha yote. Ilikuwa jina la sarafu moja ndogo ya shaba, ya kigeni, iliyofika katika nchi hii mwaka 1904; na kabla ya kufika huku, jina hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa na Martin Luther katika habari ya mjane huyu huyu.

Makala hii inakusudia kueleza jina hilo lilitoka wapi, lilifikaje katika nyanda hizi za Njombe, na jinsi lilivyopanda kutoka sarafu ndogo hata likawa jina la fedha yote. Kisha tutarudi kwa mjane wa Marko, ili tuone historia ya neno hili inatufundisha nini tunaposimama mbele ya washarika na kuzungumza juu ya sadaka.

1. MJI WA HALL NA SARAFU YAKE

Kusini mwa Ujerumani, katika nchi ya Swabia, uko mji uitwao Schwäbisch Hall. Zamani mji huo ulisifika kwa chumvi, na tangu mwisho wa karne ya 12 ulijulikana pia kwa fedha zake ndogo. Senti iliyopigwa huko iliitwa kwa jina la mji, yaani "ya Hall", na kwa matamshi ya Kijerumani ikawa Heller. Upande mmoja wa sarafu hiyo ulichorwa kiganja cha mkono kilicho wazi, na upande wa pili msalaba. Kwa hiyo hela ya kwanza kabisa ilikuwa na mkono na msalaba; nasi twaweza kuipenda picha hiyo bila kudai kwamba wapiga sarafu wa Hall walikusudia mahubiri yoyote.

Heller ilisambaa katika miji mingi ya Ujerumani, na kadiri miaka ilivyopita, thamani yake ilizidi kupungua. Watu wakazoea kuihesabu kuwa nusu ya pfennig, ambayo nayo ilikuwa fedha ndogo. Hivyo jina la Heller likawa mfano wa kitu kisicho na thamani. Hata leo Mjerumani anayetaka kusema kwamba hana fedha kabisa husema kwamba hana hata Heller moja, na anayelipa deni lake lote bila kubakiza kitu husemwa kuwa amelipa hadi Heller na pfennig. Katika nchi za jirani jina hilo liliishi muda mrefu zaidi. Milki ya Austria na Hungaria ililitumia tangu mwaka 1892 kwa sehemu ya mia ya fedha yake mpya, na Wacheki walikuwa na sarafu yenye jina la asili hiyo hiyo mpaka mwaka 2008 ilipoondolewa katika matumizi.

2. HELLER KATIKA BIBLIA YA LUTHER

Mwaka 1522 Luther alitoa tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kijerumani. Nia yake ilikuwa kwamba mama nyumbani, mtoto barabarani na mtu wa kawaida sokoni waisikie Injili kwa lugha wanayoizungumza wao wenyewe. Sasa mfasiri mwenye nia ya namna hiyo hana budi kukutana na tatizo la fedha, kwa sababu fedha za Palestina ya kale hazikuwa fedha za Wittenberg.

Katika Kiyunani Marko anasema kwamba mjane alitoa lepta mbili, akaongeza maelezo kwamba hizo ni sawa na kodrantes moja. Lepton ilikuwa sarafu ndogo kuliko zote katika matumizi ya Wayahudi. Kodrantes si neno la Kiyunani kwa asili. Ni neno la Kilatini, quadrans, yaani robo ya fedha ya shaba ya Kirumi iliyoitwa as. Hapa yafaa tuone jambo moja. Marko mwenyewe alikuwa amekwisha kufanya kazi ya mfasiri. Alijua kwamba baadhi ya wasomaji wake hawazifahamu lepta, kwa hiyo akawapa thamani yake kwa fedha wanayoijua.

Luther akafanya vivyo hivyo. Lepta mbili akaziita Scherflein mbili, nayo kodrantes akaiita Heller. Scherflein ilikuwa sarafu ndogo sana iliyojulikana katika sehemu zile za Ujerumani. Vilevile katika Mathayo 5:26, mahali Bwana anaposema juu ya mdaiwa ambaye hatatoka kifungoni mpaka amalize deni lote, Luther akaandika Heller ya mwisho. Basi Wajerumani wa vizazi vingi waliokulia katika Biblia hiyo walilijua jina la Heller kwa njia mbili: kwanza kama fedha ya mwisho ambayo mdaiwa hulipishwa, na pili kama kipimo cha sadaka ya mjane. Deni na sadaka vilikutana katika neno moja. Tutaona kwamba katika nchi yetu pia vilikutana.

3. HELLER YAVUKA BAHARI

Kabla ya utawala wa Wajerumani, watu wa pwani walitumia reale za fedha, rupia za Kihindi, na pesa za shaba, zikiwamo zile zilizopigwa kwa amri ya Sultani Barghash wa Unguja. Neno pesa asili yake ni Kihindi, na neno fedha limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni madini yale meupe yenyewe. Tangu mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipiga rupia na pesa zake yenyewe. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Pesa hiyo ya kampuni ilikuwa na tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walisoma herufi hizo.

Baadaye serikali ya kikoloni ilichukua kazi ya fedha mikononi mwake. Mwaka 1904 ikabadili hesabu: rupia ikabaki, lakini badala ya pesa 64 ikagawanywa katika heller 100. Rupia 15 zikahesabiwa kuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Ajabu ni kwamba katika Ujerumani yenyewe, wakati huo, heller haikuwa tena fedha ya sokoni. Huko watu walitumia mark na pfennig. Heller ilikuwa imebaki katika misemo, katika nyimbo, na katika Biblia ya Luther. Jina lililokwisha kustaafu kwao likapewa kazi mpya Afrika.

Heller moja ilikuwa kipande cha shaba chenye taji na herufi DOA, kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani, pamoja na mwaka. Upande wa pili ilikuwa tarakimu 1 na neno HELLER, limezungukwa na matawi. Herufi za Kiarabu hazikuwapo tena. Ilikuwapo pia nusu heller, ndogo zaidi. Tangu mwaka 1908 zilipigwa heller 10 za nikeli zenye tundu katikati, ambazo zingeweza kutungwa kwenye kamba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia ya baharini ilipofungwa na fedha kutoka Ujerumani kukosekana, karakana ya reli ya Tabora ilipiga heller 5 na heller 20 mwaka 1916, nyingi kwa kutumia shaba ya maganda ya risasi na mizinga. Hizo ndizo hela za mwisho.

4. HELA KATIKA NYANDA ZA NJOMBE

Fedha haikupanda kuja nyanda za juu kwa ajili ya biashara peke yake. Kanuni ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, nayo ikaanza kutekelezwa mwaka uliofuata. Kwa nyumba za kawaida za vijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Hapo awali iliwezekana katika sehemu nyingi kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyokwenda fedha taslimu ndiyo iliyodaiwa. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba rupia 3 ni heller 300. Mtu ambaye shamba lake lilimpa ulezi, mahindi na maharage, na ambaye mifugo yake ilikuwa akiba yake, sasa alitakiwa kutafuta vipande 300 vya shaba ambavyo havikuota katika shamba lolote la Ubena. Ilimpasa auze kitu au auze nguvu zake. Wengi wakashuka kufanya kazi mbali na kwao, na desturi hiyo ikaendelea hata baada ya Wajerumani kuondoka, watu wa nyanda hizi walipokwenda mashamba ya mkonge kama manamba.

Tena kodi hiyo ilihesabu nyumba. Katika familia ambayo kila mke alikuwa na nyumba yake, idadi ya nyumba ndiyo iliyokuwa idadi ya madai.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi, navyo mwezi wa Septemba vikafika huku. Kituo cha Misheni ya Berlin pale Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa na watu wa mtwa Mbeyela. Mmisionari wa kituo hicho, Paul Gröschel, aliandika baadaye habari za miaka yake katika nchi hii. Sababu za vita zilikuwa nyingi, na si haki kuzipunguza zikawa kodi peke yake. Kulikuwa na kazi za kulazimishwa, kulikuwa na mambo ya utawala na uhasama wa zamani. Lakini kodi ilikuwamo. Na baada ya vita ikaja njaa kali katika kusini ya nchi, iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Hatuna budi kukumbuka, basi, kwamba heller ilifika katika nyanda hizi ikiwa na sura mbili. Upande mmoja ilikuwa hela ya kodi, yenye taji juu yake, iliyodaiwa mlangoni. Upande mwingine ilikuwa hela iliyoweza kununua chumvi na nguo, na katika vituo vya misheni kama Kidugala, Ilembula, Lupembe na Yakobi, Wakristo wa kwanza walijifunza kuitoa kama sadaka. Kwa lugha yetu ya leo ni hela ile ile. Kwa moyo wa mtoaji hazikuwa sawa.

5. JINSI SARAFU ILIVYOKUWA JINA LA FEDHA YOTE

Utawala wa Wajerumani ulikwisha kwa vita. Waingereza walileta kwanza fedha iliyoitwa florini mwaka 1920, kisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, yenye senti 100. Heller ikaondoka mikononi. Lakini jina halikuondoka.

Matamshi yake hayakuhitaji kubadilishwa sana. Mjerumani anapotamka Heller, mwisho wa neno husikika karibu na sauti ya "a". Mswahili akalisikia na kulitamka hela, akaliweka katika ngeli moja na pesa na fedha, nalo likakaa kama mwenyeji. Ndivyo lilivyofanyika pia neno shule, ambalo tulilipata kwa Wajerumani hao hao. Yafaa kutafakari kwamba maneno mawili ya Kijerumani tunayoyatumia kila siku ni shule na hela.

Lakini jina la sarafu ndogo liliwezaje kubeba maana ya fedha yote? Yaelekea njia ilikuwa ni usemi wa kukana. Mtu anapotaka kusema kwamba hana kitu, hataji fedha kubwa, bali hutaja ile iliyo ndogo kuliko zote. "Sina hela" maana yake ilikuwa "sina hata ile sarafu ya chini kabisa", na asiyekuwa na ya chini kabisa hana fedha yoyote. Kutoka hapo ni hatua fupi mpaka kusema "nina hela", kwa maana ya "nina fedha".

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1967 nchi ya Kongo, ambayo baadaye iliitwa Zaire, ilianzisha fedha iliyogawanywa katika makuta 100. Na katika Kiswahili cha Katanga makuta ikawa na maana ya fedha kwa jumla. Nchini Kenya, ambako Wajerumani hawakutawala bara, watu husema zaidi pesa. Nchini Rwanda na Burundi, ambazo nazo zilikuwa chini ya Wajerumani kabla ya kutawaliwa na Wabelgiji, neno la fedha limetokana na faranga. Kwa hiyo mtu akitembea katika nchi hizi na kusikiliza watu wanavyoitaja fedha, atasikia pia ni nani aliyedai kodi mahali pale.

Wakati mwingine jina hupotea pamoja na sarafu yake. Wazee wetu walijua ndururu, yaani senti 5. Walijua peni, na sumni, yaani senti 50. Tanzania ilipotoa fedha yake yenyewe mwaka 1966, senti 5 ilikuwa na picha ya samaki, senti 20 mbuni, na senti 50 sungura. Mtoto wa leo hazijui. Shilingi 5 iliitwa dala, nayo imesahauliwa isipokuwa katika jina la daladala, ambalo huelezwa kwamba lilitokana na nauli ya zamani. Hela peke yake, iliyokuwa chini ya zote, imebaki juu ya zote. Hata noti ya shilingi 10,000 ni hela.

Hapa ndipo lilipo tatizo la mhubiri. Neno lilipopanda, lilimwacha mjane chini. Tukisema kwamba mjane alitoa "hela kidogo", msikilizaji husikia kiasi kidogo cha kitu kikubwa. Marko hasemi hivyo. Anataja vipande viwili vya sarafu ambayo chini yake hapakuwa na nyingine.

6. HESABU YA MJANE

Tafsiri yetu ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, hutumia neno senti kwa lepta za mjane, na neno pesa katika kueleza thamani yake. Wakati ule uchaguzi huo ulikuwa mzuri, maana kila mtu alizijua senti. Lakini neno senti limetumika pia katika Mathayo 5:26, ambapo Kiyunani ni kodrantes, na katika Mathayo 10:29 juu ya bei ya shomoro, ambapo ni assarion, fedha kubwa zaidi ya hizo mbili. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba sarafu tatu tofauti zimevaa vazi moja. Kwa hiyo mwalimu wa neno hana budi kuzitenganisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku wa kibarua, kama tuonavyo katika Mathayo 20:2. Dinari ilikuwa na assarion 16, kila assarion kodrantes 4, na kila kodrantes lepta 2. Basi dinari ni kodrantes 64, au lepta 128. Msomaji mwangalifu atakumbuka kwamba rupia ya zamani nayo ilikuwa na pesa 64. Mababu zetu waliohesabu pesa na rupia wangeielewa kodrantes mara moja kuliko sisi.

Tuchukue mfano wa kwetu. Kwa urahisi wa hesabu tu, tuseme kibarua anayevuna viazi Njombe au anayepakia mahindi Makambako amelipwa shilingi 6,400 kwa siku. Kodrantes itakuwa shilingi 100, na lepton shilingi 50. Mjane alitoa sarafu mbili za shilingi 50. Kama ujira ni mkubwa zaidi, mhubiri na aongeze kwa kiasi hicho, picha haitabadilika. Sarafu mbili za shilingi 50 ni fedha ambazo leo mwenye duka huona haya kuzirudisha kama chenji, akampa mtoto pipi badala yake.

Lakini wala wingi wala uchache si kiini cha habari. Alikuwa nazo mbili. Angeweza kutia moja katika sanduku na moja akarudi nayo nyumbani, wala hakuna ambaye angemlaumu kwa kutoa nusu ya mali yake. Marko anataja idadi ya sarafu kabla ya kutaja thamani yake ili tuone kwamba nafasi ya kubakiza ilikuwapo. Hakuitumia.

7. MAMBO YA KUZINGATIA KATIKA MAHUBIRI

Kwanza, tusome sura nzima. Marko 12 inataja sarafu mara mbili. Katika aya ya 13 hadi 17 inaletwa dinari, iliyo na sura ya Kaisari na jina lake, na swali ni la kodi. Katika aya ya 41 hadi 44 zinaletwa lepta. Sarafu ndogo za shaba zilizopigwa na wafalme wa Kiyahudi, kama zile za Aleksanda Yanai, hazikuwa na sura ya mtu. Zilichorwa nanga na nyota. Na katikati, aya ya 38 hadi 40, Bwana anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Kodi, nyumba ya mjane, na sadaka ya mjane: mambo haya matatu yamewekwa pamoja. Mkristo wa nyanda hizi, ambaye babu yake alihesabiwa kodi kwa nyumba na kulipa kwa hela yenye taji, ana sababu ya kuielewa sura hii kuliko wengi.

Pili, tusimgeuze mjane kuwa mdai. Ni rahisi kwa mhubiri, paa la kanisa likiwa linasubiri mabati, kumsimamisha mjane mbele ya maskini na kuwaambia, "Huyu alitoa vyote, ninyi je?" Anayefanya hivyo ameichukua sarafu ya sadaka na kuipiga chapa ya kodi. Bwana hakumwomba mjane kitu. Wala hakumwita ili amsifu mbele ya umati, bali aliwaita wanafunzi wake akawafundisha kuona. Somo lile lilikuwa la wanafunzi, yaani la sisi tunaohesabu sadaka, kabla ya kuwa la wale wanaoitoa.

Tatu, tuangalie desturi zetu za kutangaza. Niliwahi kuona, katika usharika ambao sitautaja, changizo la ujenzi ambalo kila kiasi kilisomwa kwa sauti kuanzia kikubwa, na waliotoa kingi wakapigiwa makofi. Msomaji alipofika kwenye viasi vidogo akasema, "Na wengine wametoa vihela vihela," akafunga daftari. Bibi mmoja aliyeketi karibu nami alikuwa amefungua pindo la khanga ili atoe alichokuwa amekifunga. Akalifunga tena. Sijui alikuwa na kiasi gani, wala haikunipasa kujua. Lakini siku hiyo nilifahamu kwamba neno lililotamkwa madhabahuni laweza kumrudisha mjane nyumbani na lepta zake. Na neno lenyewe lilikuwa "vihela", yaani jina halisi la sarafu ambayo Luther aliitumia kumheshimu mjane.

Nne, tufundishe watoto na vijana thamani ya sarafu za Biblia kwa vitu wanavyovishika. Mwalimu wa kipaimara aweza kuweka mezani sarafu mbili za shilingi 50 na kando yake ujira wa siku moja, kisha akasoma habari. Haitachukua dakika tano. Kijana atakayeona hivyo hatauliza tena senti ni nini; ataanza kuuliza mjane alikula nini jioni ile, na hilo ndilo swali linalostahili.

HITIMISHO

Tumeona kwamba hela ilianza kama sarafu duni ya mji mmoja wa Ujerumani, ikaingia katika Biblia ya Luther kama kipimo cha sadaka ya mjane na cha deni la mwisho, ikavuka bahari mwaka 1904, ikapanda mpaka Njombe kwa njia ya kodi, na ikabaki katika kinywa chetu baada ya sarafu yenyewe kutoweka. Fedha zilizokuwa kubwa wakati ule zimesahauliwa. Hakuna anayesema leo kwamba ametafuta rupia mpaka amechoka. Jina la iliyo ndogo ndilo lililodumu.

Sisemi kwamba historia ya neno ni Injili. Lakini mtumishi wa neno anapaswa kujua maneno anayoyashika, kama seremala anavyoijua mbao yake. Basi kila tunapotamka neno hela, iwe sokoni Makambako au mbele ya meza ya Bwana, na tukumbuke kwamba tunaitaja sarafu ya chini kuliko zote.

Kijana yule wa kipaimara nilimtafuta juma lililofuata, nikamweleza haya kwa ufupi. Alisikiliza, akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe mzee alijibu sawa." Naam, alijibu sawa. Senti ni hela ndogo sana. Na hela, hapo mwanzo, ilikuwa hivyo hivyo.